Oscar Mkononi, Kazi Hakuna: Kisa cha Rita Moreno

Usiku wa tarehe 9 Aprili 1962, katika ukumbi wa Santa Monica Civic Auditorium huko California, Rock Hudson alifungua bahasha ya mwigizaji msaidizi bora wa kike akasoma jina la Rita Moreno. Mwenye jina hakuwa ameandaa hata sentensi moja. Alishajiambia kwamba tuzo ile ni ya Judy Garland, aliyekuwa ameteuliwa kwa Judgment at Nuremberg, na hata kusafiri kwake kulikuwa kwa haraka, maana alikuwa Ufilipino akipiga picha za sinema ya vita. Alikuja amevaa gauni lililoshonwa na mbunifu wa huko huko Ufilipino, Pitoy Moreno, kwa kitambaa kizito cha hariri ya Kijapani. Akapanda jukwaani, akasema haamini, akamtaja Mola, akasema basi anawaachia hapo. Akashuka.

Alikuwa na miaka 30. Sinema iliyompa tuzo, West Side Story, hadithi ya muziki kuhusu magenge mawili ya vijana wa New York ambamo alimcheza Anita, iliondoka na Oscar 10 kati ya 11 ilizoteuliwa kugombea. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema mwanamke huyu sasa kazi atazikimbia mwenyewe. Kilichotokea ni kinyume chake. Ukiitoa ile sinema ya Ufilipino iliyotoka 1963, Moreno hakuonekana tena kwenye sinema mpaka mwisho wa muongo, alipoigiza na Marlon Brando katika The Night of the Following Day, kisha Popi na Marlowe za mwaka 1969. Yeye mwenyewe amekuwa akisema miaka saba. Miaka saba ya ukame kwa mtu mwenye Oscar kabatini, akiwa katika umri ambao mwigizaji anatakiwa awe anavuna.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mjadala wa tuzo na waigizaji wa Kilatino, yaani Wamarekani wenye asili ya nchi zinazozungumza Kihispania pamoja na majirani zao, huwa unaishia kwenye kuhesabu. Wangapi wameteuliwa, wangapi wameshinda, mwaka gani. Hesabu ni muhimu na nitaigusa. Lakini kisa cha Moreno kinauliza jambo ambalo hesabu haiwezi kujibu: mtu akishashinda, halafu nini?

Kabla ya Anita

Alizaliwa Humacao, Puerto Rico, tarehe 11 Desemba 1931, kwa jina la Rosa Dolores Alverío. Mwaka 1936 mama yake, fundi cherehani, alipanda naye meli kwenda New York. Mdogo wake wa kiume, Francisco, aliachwa nyuma kisiwani, na familia ile haikuunganika tena. Msichana akajifunza kucheza densi, na akiwa na miaka 11 akawa anaingiza sauti za Kihispania kwenye sinema za Kimarekani zilizokuwa zikipelekwa Amerika ya Kilatini. Akiwa na miaka 13 akasimama kwenye jukwaa la Broadway, kitovu cha tamthilia cha New York.

Kampuni ya sinema ya MGM ilimsajili baada ya mkuu wake, Louis B. Mayer, kumwona na kusema anafanana na Elizabeth Taylor wa Kihispania. Ona jinsi sifa yenyewe ilivyokaa: hata siku anayokubaliwa, anakubaliwa kwa kulinganishwa na mwingine. Jina nalo likabadilishwa. Moreno lilikuwa la baba yake wa kambo, na Rita likatolewa ofisini, likifuata nyayo za Rita Hayworth. Huyo Hayworth naye alizaliwa Margarita Cansino, binti wa mcheza densi Mhispania, na kabla hajawa nyota walimbadilisha jina, wakampaka nywele rangi na kuung'oa mstari wa nywele kwenye paji la uso ili usoni asionekane wa kwao. Kwa hiyo jina alilopewa Rosa lilikuwa la mwanamke ambaye naye alikuwa amefutwa.

Miaka ya 1950 ilimkuta Moreno akicheza kila mtu isipokuwa Mpuertoriko wa kawaida. Katika The Yellow Tomahawk (1954) alikuwa msichana wa Kihindi Mwekundu aliyeitwa Honey Bear. Katika The King and I (1956) alikuwa Tuptim, msichana wa Kiburma aliyepelekwa zawadi kwa mfalme wa Siam. Alicheza wasichana wa visiwa vya Pasifiki, wasichana wa Mexico kwenye sinema za ng'ombe na bastola, wasichana wanaompenda mzungu na kufa kabla ya sinema kuisha. Hakuna aliyekuja kumfundisha jinsi watu hao wanavyozungumza, kwa hiyo alibuni lafudhi moja tu, akaitumia kwa wote. Ameisimulia habari hiyo mara nyingi. Kila nikiisikia naona inaeleza Hollywood ya wakati ule kuliko takwimu yoyote: lafudhi moja kwa nusu ya dunia, na hakuna mwongozaji aliyesimamisha kamera kuuliza.

Ilikuwepo sinema moja ambayo haikujali asili yake. Katika Singin' in the Rain (1952) alikuwa Zelda Zanders, nyota kijana wa sinema zisizo na sauti. Uhusika mdogo, dakika chache, lakini ni ushahidi kwamba aliweza na kwamba waliowahi kufikiria hivyo walikuwepo. Hawakurudia.

Uso wa rangi moja

Anita wa West Side Story alikuwa kitu kingine kabisa. Ni mwanamke mtu mzima, fundi cherehani kama mama yake Moreno, mwenye maoni, mwenye hasira, mwenye utani, mwenye mapenzi. Anabishana na mpenzi wake Bernardo juu ya paa la nyumba kuhusu kama Marekani ni mahali pa kuishi au pa kuteseka, na mabishano yale yanageuka densi. Moreno amesema kwamba Anita ndiye mhusika wa kwanza wa Kilatino aliyemwona ana heshima zake mwenyewe. Hata hivyo ilibidi kwanza apite kikwazo cha maneno ya wimbo. Kwenye toleo la jukwaani la 1957, Anita aliiimba Puerto Rico kama kisiwa kibaya chenye maradhi ya nchi za joto. Moreno alikuwa tayari kuikosa kazi hiyo kuliko kuyaimba maneno yale kuhusu kwao. Katika sinema, maneno yalikuwa yamebadilishwa.

Vipodozi havikubadilishwa. Kila mtu wa kundi la Sharks, genge la Wapuertoriko, alipakwa rangi moja ya kahawia iliyoiva. Moreno alimlalamikia mpambaji kwamba ile ni rangi kama ya matope, akamweleza kwamba Wapuertoriko wana rangi zote, wapo weusi, wapo weupe, wapo wa katikati kwa sababu damu zao ni za Kihispania, za Kiafrika na za wenyeji wa kisiwani. Mpambaji akamwuliza: wewe ni mbaguzi wa rangi? Moreno anasema alipigwa bumbuwazi, hakupata la kujibu.

Tukae hapa kidogo, maana kisa chote kimo kwenye kile chumba cha kupambia. Mpuertoriko wa kweli ameketi kitini, anaambiwa rangi yake haitoshi kuwa ya Mpuertoriko. Anapakwa. Akilalamika, anaonekana anawakimbia watu wake. Kwenye viti vya jirani wamekaa watu ambao si Wapuertoriko kabisa, nao wanapakwa rangi hiyo hiyo ili wafanane na yeye, au tuseme wafanane na picha ambayo hata yeye amelazimishwa kufanana nayo. Maria, msichana wa kisiwani anayebeba hadithi nzima, alichezwa na Natalie Wood, mtoto wa wahamiaji kutoka Urusi, na nyimbo zake akaimbiwa na Marni Nixon. Bernardo alichezwa na George Chakiris, Mmarekani mwenye asili ya Ugiriki. Chakiris alikuwa amecheza West Side Story jukwaani London kabla ya hapo, na huko alikuwa Riff, kiongozi wa Jets, genge la wazungu. Kwenye sinema alihamishiwa upande wa pili kwa mkebe wa rangi.

Nyuma ya kamera hali ilikuwa ile ile. Sehemu za sinema zilipigwa kwenye mitaa ya magharibi mwa Manhattan iliyokuwa ikibomolewa kupisha mradi uliozaa Lincoln Center, kituo kikubwa cha sanaa, mitaa ambamo familia za Kipuertoriko na za weusi zilikuwa zikihamishwa. Walioandika hadithi, waliotunga muziki, waliotunga maneno, walioongoza, wote hawakuwa wa jamii inayosimuliwa. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Kazi waliyoifanya ni kubwa na bado inasimama. Nasema tu kwamba Moreno alikuwa karibu peke yake mle ndani aliyejua mambo yale kwa kuyaishi.

Ndiyo maana ile sehemu ya dukani kwa mzee Doc, wanapokutana vijana wa Jets, inauma vile. Anita anakwenda kupeleka ujumbe, vijana wa Jets wanamzunguka, wanamtusi, wanamsukumasukuma mpaka wanakaribia kumbaka. Moreno amesimulia kwamba siku ya kupiga picha zile alivunjika, akalia bila kuweza kujizuia, kwa sababu matusi yale aliyajua tangu utotoni New York. Wale vijana waigizaji walimzunguka kumbembeleza. Kilichoonekana kwenye skrini baadaye, na nina hakika ndicho kilichowapa wapiga kura wa Oscar sababu, kilikuwa kidonda halisi.

Tuzo mbili, usiku mmoja

Mara nyingi tukijiuliza kwa nini mwigizaji fulani hakupata kazi baada ya tuzo, majibu yanatawanyika. Labda wakala wake alikuwa dhaifu, labda alidai hela nyingi, labda ilikuwa bahati. Kisa hiki kina kitu adimu kinachotusaidia kukata maneno. Usiku ule ule, kwa sinema ile ile, katika daraja lile lile la usaidizi, alishinda pia George Chakiris. Wote wawili walitambuliwa kwa kucheza Wapuertoriko. Mmoja alikuwa Mpuertoriko, mwingine hakuwa. Kwa hiyo tunaweza kuwafuata wote wawili tuone milango gani ilifunguka.

Chakiris katika miaka michache iliyofuata alicheza daktari wa Hawaii katika Diamond Head, mfalme wa Wamaya katika Kings of the Sun, mpiganaji wa Norway dhidi ya Wanazi katika 633 Squadron, kisha akaenda Ufaransa kucheza katika sinema ya muziki ya Jacques Demy, The Young Girls of Rochefort ya 1967. Hakuwa nyota mkubwa kupita kiasi. Lakini angalia upana: Mhawaii, Mmaya, Mnorway. Alipofuta rangi ya Bernardo usoni, ilifutika.

Ya Moreno haikufutika. Skripti alizoletewa, kwa maelezo yake, zilikuwa za magenge. Mpenzi wa mhuni, dada wa mhuni, Anita mwingine asiye na densi wala utu wa Anita wa kwanza. Akazikataa. Alikuwa amefanya sinema bora kabisa ya aina ile, ashuke kufanya nakala zake mbovu? Kukataa huko wengine wamekuita kiburi. Mimi nauona ndio uamuzi wa kitaalamu zaidi aliowahi kuufanya, na aliulipia kwa fedha yake mwenyewe.

Wala hakukaa nyumbani kulia. Mwaka 1964 alikwenda London kucheza She Loves Me kwenye majukwaa ya West End, na mwaka huo huo alirudi Broadway katika The Sign in Sidney Brustein's Window, tamthilia ya Lorraine Hansberry, ambamo alikuwa Iris, mke wa Sidney. Mwandishi mweusi alimwona Moreno akiwa mke wa Myahudi wa Greenwich Village bila shida yoyote. Agosti 1963 alikuwa Washington kwenye maandamano ya haki za kiraia. Kwa hiyo si kwamba alififia. Jukwaa lilimwona, sinema haikumwona, na ni sinema ndiyo iliyokuwa imempa ile sanamu.

Tuzo inatazama nyuma

Nionavyo mimi, kosa letu ni kudhani anayetoa tuzo na anayetoa kazi ni mtu mmoja. Akademia ya Marekani, inayotoa Oscar, iliyoanzishwa 1927, ina matawi. Waigizaji huteua waigizaji wenzao, na kisha wanachama wote hupiga kura ya mwisho. Kura hiyo inahusu sinema iliyokwisha pigwa, ikahaririwa, ikaonyeshwa. Inatazama nyuma. Anayetoa kazi anatazama mbele: ana skripti mezani, ana mkopo wa kulipa, na swali lake ni nani atauza tiketi za kitu ambacho bado hakipo. Kati ya hawa wawili hakuna daraja isipokuwa skripti yenyewe. Kama hakuna aliyeandika mwanamke wa Kilatino ambaye ni mwalimu, hakimu, mama mjane mwenye duka, basi Oscar haina pa kumpeleka mshindi wake ila kule kule alikotoka.

Kibaya zaidi, katika mazingira hayo tuzo huweza kumfungia mtu. Iliwaambia maprodyuza: huyu ndiye bingwa wa uhusika huu. Wakamletea uhusika huu.

Waliomtangulia walikuwa na njia zao. José Ferrer, mzaliwa wa San Juan, ndiye mwigizaji wa kwanza wa Kilatino kushinda Oscar, mwaka 1951, kwa kucheza Cyrano de Bergerac, Mfaransa mwenye pua ndefu. Tuzo yake aliipa Chuo Kikuu cha Puerto Rico. Anthony Quinn, mzaliwa wa Chihuahua, alishinda mara mbili katika miaka ya 1950. Ya kwanza ilikuwa kwa kucheza ndugu wa Emiliano Zapata, huku Zapata mwenyewe akichezwa na Marlon Brando aliyepambwa afanane na Mmexico. Ya pili kwa kucheza mchoraji Mfaransa Paul Gauguin. Katika maisha yake Quinn alikuja kuwa Mgiriki, Mwarabu, Mwitaliano. Wanaume hawa waliruhusiwa kuvuka kutoka taifa moja hadi jingine. Kwa mwanamke, na hasa mwanamke mwenye umbo la densi na jina la Kihispania, ruhusa hiyo ilikuwa finyu mno. Katy Jurado wa Mexico, aliyeteuliwa kwa Broken Lance ya 1954, aliijua habari hiyo kabla ya Moreno.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana njia yake ya kuielewa habari hii, nayo inaitwa Lupita Nyong'o. Lupita alizaliwa Mexico City mwaka 1983, wakati baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, aliyekuja kuwa gavana wa Kisumu, akifundisha huko. Alipokuwa na miaka 16 alirudishwa Mexico kujifunza Kihispania, akakaa Taxco kwa miezi kadhaa. Mwenyewe amejitaja kuwa Mmexico na Mkenya kwa pamoja, na tarehe 2 Machi 2014 aliposhinda Oscar kwa kucheza Patsey, mtumwa, katika 12 Years a Slave, Mexico ilishangilia kama Nairobi ilivyoshangilia. Wapo waliobishana amwakilishe nani. Mabishano hayo sioni faida yake. Kinachonigusa ni alichokisimulia mwaka 2025 katika mahojiano: kwamba baada ya ushindi ule alitegemea uhusika mkuu, na badala yake akaletewa skripti za kucheza mtumwa tena, safari hii akiwa ndani ya meli ya watumwa. Sinema kubwa za mwanzo zilizofuata, Star Wars ya 2015 na The Jungle Book ya 2016, hazikuuonyesha uso wake. Alikuwa sauti ya viumbe waliotengenezwa kwa kompyuta. Uso ulirudi katika Queen of Katwe, sinema iliyopigwa Kampala na kuongozwa na Mira Nair, mwenye makazi yake huko huko Uganda, kuhusu msichana halisi wa Katwe anayecheza sataranji.

Miaka 52 inawatenganisha Moreno na Lupita. Skripti zilizofuata ushindi ni zile zile: umecheza mateso vizuri, hebu teseka tena.

Alivyojitoa mwenyewe

Moreno alitoka kwenye shimo lile kwa njia ambazo Hollywood haikumpangia. Kuanzia 1971 aliigiza katika The Electric Company, kipindi cha televisheni cha kufundisha watoto kusoma, na santuri ya kipindi hicho ikampa Grammy, tuzo ya muziki. Mwaka 1975 alipata Tony, tuzo ya tamthilia za Broadway, kwa The Ritz. Uhusika wake humo, Googie Gomez, mwimbaji asiye na kipaji na asiyejua kwamba hana, ulianza kama mchezo aliokuwa akiwafanyia marafiki: aliigiza lafudhi na mapozi ambayo Hollywood ilimtaka nayo kwa miaka yote ile. Mwandishi Terrence McNally aliyaona, akamwandikia tamthilia. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Kile walichomfungia nacho alikichukua, akakigeuza kuwa mali yake, na watu wakalipa kiingilio kuja kucheka naye. Emmy, tuzo za televisheni, zikafuata, 1977 kwa The Muppet Show na 1978 kwa The Rockford Files. Kufikia hapo alikuwa na tuzo zote nne kubwa za burudani za Marekani, kitu ambacho watu wachache sana walikuwa nacho.

Heshima za kitaifa zilikuja uzeeni: Nishani ya Rais ya Uhuru mwaka 2004, heshima za Kennedy Center mwaka 2015. Mwaka 2018 alirudi Oscar kutangaza sinema bora ya lugha ya kigeni, akiwa amevaa gauni lile lile la 1962, limekatwa tu mabega. Bahasha ilipofunguliwa, sinema iliyoshinda ilikuwa ya Chile.

Anita wa pili

Steven Spielberg alipoamua kuitengeneza upya West Side Story, iliyotoka Desemba 2021, Wapuertoriko walichezwa na waigizaji wa Kilatino, mazungumzo ya Kihispania yaliachwa bila tafsiri chini ya skrini, na Moreno akaitwa kuwa prodyuza mtendaji. Aliandikiwa pia uhusika: Valentina, mjane wa Doc, mwenye duka. Katika sinema hiyo, vijana wanapomzunguka Anita dukani, anayeingia na kuwasimamisha ni Valentina. Yaani Rita Moreno, akikaribia miaka 90, anaingia katika chumba kile kile kilichomliza akiwa na miaka ishirini na tisa hivi, na kumwokoa yule msichana. Waliomwandikia tukio hilo walimtendea haki kuliko sanamu yoyote. Hakuteuliwa Oscar kwa kazi hiyo, na mimi naona alistahili.

Aliyeteuliwa na kushinda, tarehe 27 Machi 2022, ni Ariana DeBose aliyemcheza Anita. Jukwaani alimshukuru Moreno kwa kumfungulia njia, na alijitambulisha kwa fahari kama Mlatino mwenye asili ya Kiafrika. Historia ikaandikwa: Anita akawa mhusika wa kike wa kwanza kuwapa Oscar waigizaji wawili tofauti. Nilifurahi sana usiku ule. Nikasikitika pia, kwa sababu mpaka hapo wanawake wenye asili ya Puerto Rico waliokuwa wameshinda Oscar ya uigizaji walikuwa hao wawili, na wote wawili walishinda kwa mwanamke mmoja wa kubuni, aliyeandikwa na wanaume wasio wa kisiwani, miaka ya 1950. Sensa ya Marekani ya 2020 ilihesabu Walatino milioni 62.1. Miaka 60 kati ya tuzo hizo mbili, na Akademia ilikuwa bado haijampata Mpuertoriko mwingine wa kike wa kumshangilia.

Ule ubishi wa chumba cha kupambia nao haukuwa umeisha, ila ulikuwa umehamia ndani ya nyumba. Juni 2021, sinema ya In the Heights ililaumiwa kwa kuwaacha nje Walatino weusi katika nafasi za mbele. Moreno, akimtetea mtunzi wake, Lin-Manuel Miranda, kwenye televisheni, alionekana kuwapuuza waliolalamika. Lawama zikamfikia, na haraka akaomba radhi hadharani. Yeye aliyemwambia mpambaji kwamba Wapuertoriko wana rangi zote alihitaji kukumbushwa maneno yake na kizazi cha wajukuu, naye akakumbuka. Miezi tisa baadaye tuzo ilikwenda kwa mwanamke mweusi wa Kilatino.

Na DeBose, halafu nini? Amecheza mwanaanga katika I.S.S., ameingia kwenye sinema za kijasusi na za mashujaa, ameongoza sherehe za Tony miaka mitatu mfululizo. Sinema zenyewe nyingi hazikuwa nzuri, na hilo lisifichwe. Lakini mwanaanga! Kuna mtu aliandika mwanasayansi aliye angani, na mwenye kugawa nafasi akaona DeBose anafaa. Mwaka 1963 hakuna aliyemletea Moreno skripti ya namna hiyo. Kwa kipimo ninachokiamini mimi, cha kazi inayofuata, hapo kuna hatua imepigwa.

Palipobaki pagumu ni kwa mastelingi. Mwaka 2025 Zoe Saldaña alishinda kwa Emilia Pérez, akatangaza kwamba yeye ni Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Dominika kupokea Oscar na kwamba hatakuwa wa mwisho. Alishinda kama msaidizi, ingawa ndiye anayeonekana kwa muda mrefu zaidi katika sinema hiyo, maana kampuni ndizo hupanga msanii afanyiwe kampeni katika daraja gani, na daraja la usaidizi lilionekana rahisi. Wamexico wengi waliilaumu sinema hiyo, iliyoongozwa na Mfaransa na kupigwa kwa sehemu kubwa studio karibu na Paris, kwa jinsi ilivyoichora nchi yao, na Saldaña alilazimika kuwaomba radhi waliokwazika. Moreno, Lupita, DeBose, Saldaña: wote wasaidizi. Katika daraja la mwigizaji bora wa kike, Fernanda Montenegro aliteuliwa, Salma Hayek aliteuliwa, Catalina Sandino Moreno aliteuliwa, Yalitza Aparicio, mwalimu kutoka Tlaxiaco, aliteuliwa, Ana de Armas aliteuliwa, na mwaka 2025 Fernanda Torres, binti wa Montenegro, akateuliwa kama mama yake miaka 26 kabla. Hakuna aliyeshinda. Kwa upande wa wanaume, jina la mwigizaji bora wa Kilatino lililokuwa kwenye orodha ya washindi hadi sherehe hiyo lilikuwa bado la José Ferrer, wa mwaka 1951, aliyeshinda akiwa Mfaransa.